FamilySearch kwa sisi wa Mombasa: ni bure na ni nzuri, ila Ali bin Salim si mmoja

Kwa vile watu wananiuliza sana kwenye Wasap kama hii FamilySearch inafaa kutafutia wazee wa ukoo, nimeona niandike mara moja kwa urefu ili nisirudie rudie. Mimi upande wa baba ni watu wa Mji wa Kale na upande wa mama ni Wagiriama wa Kaloleni, kwa hivyo nimeitumia kwa majina ya aina zote mbili na nimeona inapofaa na inapokwama. Inafaa. Fungueni akaunti. Lakini msibonyeze kitu chochote cha kuunganisha watu kabla hamjanisoma mpaka mwisho, manake huku kwetu kumchukua babu wa mtu mwingine ukamfanya wako ni rahisi mno na kumtoa baadaye ni kazi.

Kwanza ni nini. Ni tovuti, na ina programu ya simu pia, ya kutengeneza mti wa ukoo na kutafuta kumbukumbu za zamani, na hailipishwi kitu, hakuna ile ya kuonjeshwa wiki mbili halafu uombwe kadi ya benki. Wenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaojulikana kama Wamormoni, makao yao Salt Lake City kule Utah, Marekani. Walianza kazi hii 1894 kama chama cha nasaba, wakaanza kupiga picha za madaftari kwenye filamu ndogo 1938, na 2021 wakamaliza kuzitia filamu zao zote kwenye mtandao, roli kama milioni 2.4. Sasa kuna jambo lazima niliseme waziwazi kwa sababu wengi wetu ni Waislamu na watu huliuliza kwa kunong'ona: hao wana ibada ya kubatiza waliokufa, mtu aliye hai anabatizwa kwa niaba ya marehemu, na ndiyo sababu kubwa wanajali nasaba kiasi hicho. Taratibu zao zinataka muumini afanye hivyo kwa jamaa zake mwenyewe tu. Mimi nilikaa na wazee wa upande wa baba tukaliongea kabla sijaweka jina hata moja, wakaridhia, lakini si kila nyumba itaridhia na mimi siwezi kumlazimisha mtu. Ongeeni kwanza nyumbani. Kama wazee wenu hawataki, bado mnaweza kuitumia kutafuta tu bila kuandika mti.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba ule mti ni mmoja wa dunia nzima. Si kama zile tovuti nyingine ambapo kila mtu ana mti wake na akikosea amekosea peke yake. Hapa marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu, una msimbo wake wa herufi na namba, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuurekebisha, awe ni mjukuu wa damu au ni mtu wa Brazil ambaye hajawahi kuisikia Kibokoni. Walio hai hawaonekani na wengine, wewe ukiwaandika unawaona mwenyewe, hiyo iko sawa. Ila kwa waliokufa ni mlango wazi. Ina uzuri wake, binamu zako wa Zanzibar na Muscat wanaweza kuongeza wanachojua bila kukuomba ruhusa, na ina ubaya wake kwa sababu mmoja akiunganisha watu wawili kimakosa basi nyote mmeunganishiwa.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Mfumo wao unakupa vidokezo. Ukiandika jina na mwaka wa kukisia, unaenda kutafuta kwenye madaftari na kwenye mti wenyewe halafu unakuletea: huyu je? anafanana na wako. Kwa Uingereza au Marekani hiyo inafanya kazi vizuri kwa sababu kule kuna madaftari ya ubatizo ya karne na karne, kuna sensa kila miaka kumi yenye majina, kwa hivyo kama babu yako alikuwepo kuna uwezekano mkubwa ameandikwa mahali, na yule anayetokea kwenye kioo ana nafasi nzuri ya kuwa ndiye. Kwetu sivyo hata kidogo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Kenya imeanza kutumika 1928 na kwa Waafrika ilikuja kuwa lazima polepole tu, wilaya kwa wilaya, kuanzia 1963 mpaka 1971. Maana yake babu wa babu yangu aliyezaliwa Kaloleni hakuandikwa na mtu yeyote alipozaliwa, wala alipokufa. Kwa hivyo tovuti ikiniletea jina moja tu linalofanana, mimi nikasema ah huyu ndiye, kwani mwingine hayuko, nimepotea. Huyo mmoja aliyeandikwa ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu mwingine, na wangu ni miongoni mwa mamia ambao hawakuandikwa kabisa. Hili ndilo ningependa kila mtu wa Pwani alishike kabla ya kugusa hiyo tovuti: pale karatasi zilipo chache, jina kutokea peke yake si ushahidi wa kitu.

Halafu kuna majina yenyewe. Kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babu yake mzaa baba. Chukua mfano tu, Kazungu wa Katana anazaa mtoto anamwita Katana, huyo ni Katana wa Kazungu, naye akizaa anamwita mwanawe Kazungu, tumerudi kwa Kazungu wa Katana. Babu na mjukuu majina yao mawili ni yale yale, kabisa. Na upande wa baba yangu mambo ni hayo hayo, Salim bin Ali anamzaa Ali bin Salim anamzaa Salim bin Ali. Watu wengi wanadhani dawa ni kuongeza jina la tatu. Si dawa! Salim bin Ali bin Salim mjukuu wake naye ni Salim bin Ali bin Salim. Unaweza kuongeza mpaka majina saba na bado wanafanana kama nyumba imeshika hiyo desturi bila kukatika. Na ndani ya mbari moja majina ya kuzungushwa ni machache, kwa hivyo si babu na mjukuu tu, hata mabinamu wawili wa rika moja wote wamepewa jina la yule yule mzee.

Kinachowatenganisha ni mama. Kila ninapokwama narudi kwa mama: huyu Salim mama yake nani, alikuwa bint nani, alitokea mtaa gani. Baba zao wanaweza kufanana majina mpaka juu lakini si rahisi mama zao wafanane, wala wazee wa mama zao. Tatizo ni kuwa karatasi za zamani zinamtaja mama mara chache sana, utakuta "bint Ali" basi, au mke wa fulani, kwa hivyo hiyo habari haiko Salt Lake City, iko kwa shangazi yako na kwa bibi zako, na wako wachache waliobaki wanaokumbuka. Nendeni kwao kwanza na simu ya kurekodi. Kisha ndio mfungue tovuti. Ukianza na tovuti utaenda kwa shangazi umeshakuwa na jibu kichwani na utamuuliza kwa namna ya kumfanya aitikie tu, wazee wetu wana adabu, ukimwambia "shangazi, si babu alikuwa wa Takaungu?" atakwambia labda mwanangu, huenda.

Nikupeni mfano wa wazi ambao si wa nyumba yangu, uko kwenye historia. Wote tunamjua Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi, aliyepigana na Waingereza 1895 mpaka akavuka kwenda upande wa Wajerumani, nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, Aprili 1896. Haya, vita vile vilianza kwa ugomvi wa nani awe liwali, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani, pale Takaungu baada ya liwali wa pale kufariki 1895, Waingereza wakamweka Rashid bin Salim, na aliyekuwa akidai haki yake akanyimwa aliitwa nani? Mbaruk bin Rashid. Mazrui pia. Watu wawili, jina moja na jina la baba moja, ukoo mmoja, mwaka mmoja, vita vimoja, upande mmoja wa vita. Na maandishi ya wakati ule mara anaandikwa Mbaruk, mara Mbarak, mara Mubarak, kwa hivyo huwezi hata kusema huyu ni yule wa herufi U na yule ni wa herufi A. Kinachowatofautisha ni mahali, Gazi na Takaungu, kusini ya Mombasa na kaskazini. Sasa kama watu mashuhuri walioandikiwa barua na mabalozi wanachanganyika hivyo, sembuse babu yako nahodha wa jahazi.

Kwetu ilitokea. Kuna ndugu yetu anakaa ng'ambo, kijana mzuri ana hamu kweli na mambo ya ukoo, alikuta kwenye mti mtu ana jina la babu wa baba yangu, mwaka wa kuzaliwa unakaribiana, mahali pameandikwa Mombasa, akawaunganisha. Basi tukapata wajomba wapya wengi, na mji wetu wa asili ukahama. Hakuna aliyeona ubaya mpaka ami yangu mkubwa akasomewa orodha ya watoto akasema hawa siwajui hata mmoja. Hapo ndio tukaanza kazi ya kuwatenganisha na ilikuwa kazi ya raha kusema kweli. Tulichukua kila habari tukaiandika peke yake kwenye daftari, hii imetoka wapi, nani kasema, lini, bila kusema ni ya mzee gani. Kisha tukazipanga kwa miaka. Zilipopangwa ilionekana wazi: kwenye karatasi moja mzee kashakufa na mirathi imegawanywa mbele ya Kadhi, na kwenye nyingine, ya miaka baadaye, anauza shamba kwa mkono wake. Mmoja alikuwa karani wa forodha, mwingine mtu wa mashamba. Na mashahidi waliotia sahihi, hili naomba mlizingatie, kwenye karatasi za mmoja mashahidi wote walikuwa majirani zetu wa mtaa mmoja, nyumba zao mpaka leo tunazijua, na kwenye za mwingine hakuna hata jina moja tunalolifahamu. Watu hawauzi shamba peke yao wala hawaoi peke yao. Ukishindwa kumtambua mtu mwenyewe watambue waliosimama naye.

Karatasi za ardhi zina faida sana kwa hilo, kwa sababu sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwalazimisha watu wa Pwani kwenda kudai mashamba na viwanja vyao rasmi, na mtu anapodai ardhi anataja ameipata kwa nani na amepakana na nani. Majirani wanne, kaskazini kusini mashariki magharibi. Hakuna daftari la ubatizo litakalokupa hilo. Ila msitegemee kuzikuta zote kwenye tovuti kwa kubonyeza, nyingine ni za kwenda mwenyewe kutafuta ofisini na kwenye nyaraka za taifa, na kusubiri.

Naomba pia niseme kuhusu tamaa ya babu mkubwa, na nasema kwa kuwapenda. Ali bin Salim ni jina ambalo Mombasa nzima inalijua, liwali wa Pwani, al-Busaidi, baba yake Salim bin Khalfan naye alikuwa liwali. Mtu akiwa na Ali bin Salim kwenye ukoo wake akiandika tu jina anamkuta yule mwenye picha na nishani, na moyo unamwenda mbio. Lakini kwenye mji huu Ali bin Salim wamekuwepo makuli, mafundi seremala, maimamu, wavuvi. Hapo jina la tatu linasaidia kweli kwa sababu halijirudii, yule ni bin Salim bin Khalfan, wako kama ni bin Salim bin Ali basi si yeye, maliza hapo. Babu yako fundi seremala anastahili ukurasa wake mwenyewe wenye jina lake na kazi yake. Ukimfuta ukamweka liwali umempoteza mara ya pili, na mara hii umempoteza wewe.

Kwa ndugu zetu wa Frere Town na Rabai shida imegeuka. Pale Kisauni misheni ya Kianglikana ya CMS ilianzisha makazi miaka ya 1870 kwa waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wengi wakapewa majina ya kizungu au ya Biblia kwenye ubatizo, jina la kwao likaachwa. Mtazameni William Jones. Huyu alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Nasik kule India kama wengi wa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, akaja kuhudumu Rabai, na 1885 alikuwa kwenye msafara wa Askofu Hannington, askofu alipouawa Busoga ni Jones aliyewarudisha waliosalia mpaka Rabai. Mtu wa maana sana kwa historia yetu. Sasa nenda kwenye tovuti uandike William Jones uone. Watakuja wa Wales kwa maelfu, na vidokezo havina haya, vitakupa wa Cardiff aliyezaliwa mwaka huo huo. Hapo jina halikusaidii kitu, unatafuta kwa mahali, unafunga Rabai, unafunga Kenya, na unatazama kumbukumbu za misheni yenyewe. Na siku ya kwanza ya Januari 1889 pale Rabai watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wametoroka utumwa walipewa vyeti vya uhuru, ni mababu wa watu wengi wa hapa, na wengi wao baadaye waliishi na majina zaidi ya moja. Mkitafuta wazee wa upande huo andikeni majina yote, la ubatizo, la nyumbani, la utani.

Ambalo linanileta kwenye kosa la upande wa pili, la kumfanya mtu mmoja kuwa wawili. Mgiriama aliyesilimu, mahaji, alikuwa Katana leo ni Athumani, na mahali pawili ameandikwa majina mawili bila kuwa na uhusiano wowote kwa macho. Hamisi na Khamis, Sefu na Seif, Fatuma na Fatma, hayo karani anaandika anavyosikia. Na enzi za mkoloni kuandikwa Mwarabu au Mswahili kulikuwa na maana kwenye kodi na kwenye haki zako, kwa hivyo mtu yule yule utamkuta karatasi hii ni Mwarabu na karatasi ile ni Mswahili, kaka yake mdogo ni hivi na yeye ni vile. Msimkatae mtu kwa sababu ya kabila lililoandikwa tu. Hapa FamilySearch nawapongeza, kwa kila mtu kuna sehemu ya kuongeza majina mengine, aliyozaliwa nayo, aliyojulikana nayo, la utani, na ukitafuta inayaangalia na hayo pia.

Miaka ya Hijria sasa, na hili linaumiza watu wengi bila kujua. Karatasi za Kadhi na hata maandishi nyuma ya msahafu wa nyumbani yana mwaka wa Kiislamu. Mtu anaona 1300, anakumbuka shuleni Hijra ilikuwa 622, anajumlisha, anapata 1922. Si sawa. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hivyo 1300 Hijria ilianza mwisho wa 1882. Umekosea kwa karibu miaka 40, na miaka 40 inatosha kabisa kumhamisha babu kwenye kiti cha mwanawe, na kwa majina yetu yanayozunguka utakuta mtu mwenye jina sawa ameshakaa hapo anakusubiri. Tumia kikokotoo cha tarehe, viko bure mtandaoni, na kwenye mti andika mwaka wa asili pia kwenye maelezo usiubadilishe ukautupa.

Vifaa vyao vya kuzuia makosa nimevipenda na naona watu hawavitumii. Ukitaka kuunganisha watu wawili inakuwekea mmoja huku mmoja kule uwalinganishe kabla, na kuna kitufe cha kusema huyu siye, kibonyezeni na muandike sababu, kwa sababu kidokezo kinaondoka na anayekuja baada yenu anaona mlishaliangalia. Kila mabadiliko yanahifadhiwa na jina la akaunti iliyofanya, na muungano mbaya unaweza kurudishwa nyuma, ndivyo tulivyomrudisha mzee wetu. Fanyeni haraka lakini, watu wakishaongeza vitu vingine juu ya lile kosa kurudisha kunakuwa kugumu. Unaweza kumfuata mtu ukapata imeli ukurasa wake ukiguswa. Na kuna ilani ya kuweka juu kabisa ya ukurasa, mimi yetu nimeandika kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba mzee huyu si yule mwenye jina hili aliyekuwa na mashamba, mama zao ni tofauti, tafadhali msiwaunganishe. Tangu hapo hatujaguswa.

Kuna watu wameniuliza kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi. Ile kumbukumbu ya majina iko kwenye tovuti nyingine, ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nayo ni bure. Lakini tahadhari ile ile mara mia. Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ukipita pale kwenye sanamu za askari barabara ya Jomo Kenyatta hutakuta majina. Kwa hivyo ukikuta Juma fulani kwenye orodha na babu yenu alikuwa Juma akaenda vitani hakurudi, angalia namba yake, kikosi, na kijiji kama kimetajwa. Visipokubaliana mwache apumzike na jamaa zake, na babu yenu muandikeni kama wazee walivyowahadithia, bila namba ya mtu mwingine.

DNA sitaongea sana. Inaweza kukwambia wewe na fulani mna damu moja, haiwezi kukwambia babu yupi kati ya Salim wawili ndiye, na kwetu ambapo binamu wanaoana vizazi na vizazi inaonyesha watu kuwa jamaa wa karibu kuliko walivyo. Halafu ni hela nyingi. Kaeni na bibi zenu kwanza.

Yasiyonifurahisha. Mbari na mtaa havina kisanduku pale juu pamoja na jina, unaviongeza chini kwenye taarifa nyingine, na kwetu hayo mawili yana nguvu kuliko jina la mwisho. Visanduku vya jina la kwanza na la ukoo havimjui bin wala wa, kila mtu anaandika anavyotaka, wengine wanafanya jina la baba kuwa jina la ukoo na hapo babu, baba na mtoto wanaonekana koo tatu. Kubalianeni nyumba nzima mnaandikaje, sisi tumekubaliana kuandika jina lote na bin zake kwenye kisanduku cha kwanza na nisba, yaani jina la ukoo kama al-Mazrui, kwenye cha mwisho. Picha nyingine za madaftari huwezi kuzifungua ukiwa nyumbani, inakwambia uende kwenye kituo chao. Na kwa simu inakula bando, kwa kazi ya kulinganisha watu tumieni laptopu, kwenye kioo kidogo huoni wote wawili vizuri na hapo ndipo kidole kinapobonyeza kuunganisha.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku wakiweka kisanduku cha mbari pale juu karibu na jina, na nimeshawaandikia kuwaomba.